Uhakiki wa picha za mahojiano ya polisi: nisemeje bila kumwaga mtama?

BintiKibokoni
Salaam jamani. Naomba ushauri wa kuandika, si wa picha ipi tamu. Tuna kikundi cha kutazama picha hapa Tudor, Mombasa, Ijumaa baada ya Isha. Kabla taa hazijazimwa mtu mmoja husoma uhakiki wa maneno kama 600. Zamu ni yangu, na picha ni mbili zilizotoka katika riwaya moja: Garde à vue ya Claude Miller (1981) na Under Suspicion ya Stephen Hopkins (2000). Kote humo mtu mwenye jina lake mjini anahojiwa usiku kucha juu ya vifo vya wasichana wawili.

Rasimu ya kwanza imerudishwa. Nusu nzima nimesimulia kisa, na nusu ya pili ni "waigizaji wamecheza vizuri, mwisho utakushangaza". Nikiondoa kisa sibaki na kitu. Nishike wapi?

AmiWaKuze
Bibiye, hilo la "mwisho utakushangaza" lifute leo hii. Ukishamwambia mtu kuna mshangao, hatazami tena, anawinda. Ataanza kumshuku kila asiyeshukiwa, na dakika ya 30 ameshalipata jibu. Hali kadhalika usiseme "ni kama picha fulani" ikiwa picha hiyo yajulikana kwa hila yake ya mwisho. Na usimtaje mwigizaji maarufu aliyepewa sehemu ndogo, maana watu watajiuliza mbona mkubwa huyu kaletwa kumimina chai tu.

Wajua mchezo wa vitendawili. Mtegaji hategui chake mwenyewe. Wewe mhakiki kazi yako ni kutuambia kama kimetegwa sawasawa: dalili zilikuwapo mbele ya macho yetu, au jibu limetolewa mfukoni wakati wa kupewa mji?

Ili ujue hilo, twaa daftari. Mara ya kwanza tazama bila kusimamisha, ila kila baada ya dakika 10 andika jina la unayemshuku na sababu moja. Usirudi nyuma kusahihisha. Mara ya pili piga safu nne: dakika, polisi wanajua nini, mshukiwa anajua nini, sisi watazamaji tunajua nini. Jaza kila taarifa mpya inapoingia. Hapo ndipo utakapoona taharuki imetoka wapi. Polisi wakijua jambo na mshukiwa hajui, twangoja mtego ufyatuke. Mshukiwa akijua na polisi hawajui, twaogopa ulimi usimteleze. Sote tusipojua, hapo ni fumbo tu, na fumbo tupu halibebi saa moja na nusu ndani ya chumba kimoja.

Uhakiki wako utoke kwenye safu hizo. Kisa chenyewe kipe sentensi tatu, wala usivuke robo ya kwanza ya picha.

FundiWaKamera
Nakubaliana na Ami kwa daftari, ila safu nne hazitoshi. Kwenye picha za aina hii chumba ni mhusika. Chagua dakika tano za mahojiano, zima sauti, halafu hesabu mikato, yaani kila mahali kamera inapoacha mtu mmoja ikarukia kwingine. Kisha rudia na sauti, usitazame kioo. Angalia nani amekaa na nani amesimama, meza iko kati yao au imeondolewa, kamera inamkaribia nani anapodanganya na nani anaposema kweli. Mwongozaji mvivu huisogeza kamera usoni kila swali gumu likija. Mzuri huitunza karata hiyo.

Garde à vue ina jambo la kukusaidia hapa. Ilishinda tuzo nne za César, tuzo za sinema za Ufaransa, mwaka 1982: mwigizaji bora (Michel Serrault), mwigizaji msaidizi (Guy Marchand), mswada, na uhariri. Picha ya watu wanaoongea kituoni, mvua nje, usiku wa kuamkia mwaka mpya, yapewa tuzo ya uhariri! Jiulize mhariri alifanya nini. Usitazame anayesema peke yake, tazama anayesikiliza anaonyeshwa lini na kwa muda gani. Serrault, mshukiwa, akimjibu Lino Ventura, mpelelezi, hesabu ni mara ngapi tunabaki na uso wa Ventura. Ukiandika sentensi mbili juu ya hilo umeshaipita ile ya "wamecheza vizuri".

Under Suspicion imekwenda njia nyingine. Mambo ya nyuma yanapokumbukwa, Morgan Freeman, ambaye ndiye mpelelezi, anaingia ndani ya kumbukumbu za Gene Hackman, mshukiwa, na kusimama humo humo akiuliza. Wako wanaoona ni ujanja, mimi naona ni kiherehere, chumba hakiachwi kikapata joto. Lakini usiishie kwenye kupenda au kutopenda. Kila mbinu rejeshi, yaani kurudishwa nyuma namna hiyo, iulize maswali matatu: nani anakumbuka, nani anasikiliza, na picha tunayoonyeshwa ni tukio lenyewe au ni maneno ya msemaji yaliyovishwa nguo? Mwongozaji Hitchcock mwaka 1950 katika picha yake Stage Fright alionyesha kumbukumbu ya uongo mwanzoni kabisa, watu wakaona wametapeliwa, maana jicho huamini kuliko sikio.

AmiWaKuze
Fundi, hapo umekwisha kutumwagia mtama wa Stage Fright.

FundiWaKamera
Ina zaidi ya miaka 70, Ami.

AmiWaKuze
Na kuna mtu hajazaliwa atakayeitazama. Bibiye, umeona mtego ulivyo? Fundi alikuwa akitoa mfano mzuri tu.

Karani_Tononoka
Naongezea upande ambao wahakiki wengi huuvuruga: sheria. Watu wamezoea picha za Marekani, basi wakitazama ya Kifaransa wanaandika "polisi hawakumsomea haki zake, huu ni udhaifu wa mswada". Si udhaifu. Onyo lile la haki ya kunyamaza linatokana na kesi ya Miranda ya mwaka 1966, ni la Marekani. Ufaransa ya 1981 wakili hakukaa na mteja wake akihojiwa. Sheria ilimruhusu kumwona mtu aliyezuiliwa kuanzia 1993, na kukaa naye ndani ya mahojiano kuanzia 2011. Kwa hivyo upweke wa Serrault kwenye kile kiti ni sheria ya siku zile, na jina la picha lenyewe ndilo jina la hatua hiyo ya kuzuiliwa. Anaingia kama shahidi. Ile dakika anayoambiwa sasa amezuiliwa, iandike daftarini, maana ndipo picha inapobadilika.

Under Suspicion imewekwa Puerto Rico, ambako sheria ya Marekani inafuatwa. Huko onyo lile ni lazima mtu akiwa ameshikwa na anahojiwa. Akija kwa hiari yake kufafanua maelezo, bado. Basi swali la kuandika ni hili: ni wakati gani mtu huyu ameacha kuwa mgeni na kuwa mateka, na je, yeye mwenyewe ametambua?

Siku mkihakiki picha ya hapa kwetu, shikeni Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010: haki ya kunyamaza, kuwasiliana na wakili, kutolazimishwa kukiri, kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Na Sheria ya Ushahidi, sehemu ya 25A, haikubali ungamo ila limetolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi asiye mpelelezi wa kesi hiyo, mwenye cheo kinachotakiwa na sheria hiyo, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa. Picha ya Kenya ikimalizika kwa mtu kulia na kumkiria mpelelezi wake wakiwa wawili chumbani, kesi haijaisha. Mswada umedhani imeisha. Hilo ndilo kosa la kulitaja.

BintiKibokoni
Ahsanteni sana. Nimeandika mwanzo mpya, naomba muuchane:

"Mwanasheria tajiri na anayeheshimika anaitwa kituoni. Mpelelezi hodari anamshuku kuwa ndiye mhalifu, na mtuhumiwa anaficha siri nzito kuhusu ndoa yake. Je, ukweli utajulikana?"

AmiWaKuze
Sentensi ya kwanza ibaki. Ya pili ina siri ambayo picha inaifungua kidogo kidogo, usiiseme wewe. Ya tatu ni ya mabango ya sinema. Weka hivi:

"Anaingia kituoni kama shahidi, amevaa nguo za sherehe, na anakasirika kwamba anacheleweshwa. Kwa muda mrefu hiyo hasira ndiyo ushahidi pekee tunaouona."

Hakuna kilichofichuliwa, na msikilizaji ameshajua picha inacheza na nini: tabia ya mtu kugeuzwa hatia.

Karani_Tononoka
Na maneno. Shahidi, mshukiwa, mshtakiwa ni watu watatu tofauti. Mshtakiwa ni yule aliyesomewa mashtaka kortini. Neno lako "mtuhumiwa" halisemi ni yupi kati yao, na katika picha hizi mchanganyo huo ndio kiini cha kisa.

Dada_wa_Likoni
Mimi nitapinga kidogo. Kukwepa mwisho kabisa kuna hasara, maana picha nyingine mwisho ndio hoja. Memories of Murder ya Bong Joon-ho ilitoka 2003, kesi halisi ya mauaji iliyoizaa ikiwa haijapata jibu. Mwaka 2019 polisi wa Korea Kusini walimtambua muuaji kwa vinasaba, na mtu mwingine aliyekuwa amefungwa karibu miaka 20 kwa mojawapo ya mauaji yale alitangazwa na mahakama mwaka 2020 kuwa hana hatia. Huwezi kuzungumzia askari wa picha ile wanaopiga watu ili wakiri, ukanyamazia hayo.

Dawa yake ni kugawa. Soma maneno 400 kabla ya picha, 200 yaweke mpaka taa ziwake. Ulinganisho wa miisho ya hizo mbili uweke kwenye 200.

Na wale wa kwenu wakikwambia picha ya polisi isiyo na siri ya muuaji haina utamu, watajie Drishyam. Ile ya Kimalayalam ni ya 2013, ya Kihindi 2015, na Mombasa hakuna asiyeijua. Tendo twaliona mapema. Taharuki yote iko kwenye familia kurudia maelezo yale yale ya safari (kwa ile ya Kihindi, ya tarehe 2 na 3 Oktoba) mbele ya polisi, tena na tena, na sisi tunamtazama mtoto mdogo kuliko wote.

BintiKibokoni
Kugawa 400 na 200 nimekupenda bure. Swali la mwisho: manukuu ya ile picha ya Kifaransa, maandishi ya tafsiri chini ya kioo, niyaamini?

FundiWaKamera
Kwa maana, ndiyo. Kwa ladha, hapana. Mazungumzo yale ameyaandika Michel Audiard, mtu wa maneno makali, na manukuu hufupisha. Usinukuu kejeli yoyote kwa Kiswahili ukasema ndivyo ilivyotamkwa. Eleza imemfanya nini aliyeambiwa.

Na ukimaliza, soma kwa sauti ukishika saa. Ukipita dakika tano, punguza kwenye kisa, si kwenye chumba.