Jukwaa dogo la ndugu na marafiki: nitumie programu gani?

BintiMkubwa: Wakuu, habari zenu. Kundi letu la WhatsApp limetushinda. Shangazi akiuliza picha za harusi ziko wapi, tunapekua salamu za asubuhi mpaka vidole vinauma. Nataka jukwaa ambalo kila mada inakaa mahali pake. Tuko kama 30, na wengi wetu nywila zinatupiga chenga. Nimelipia hosti (huduma ya kuweka tovuti mtandaoni) ya kawaida yenye PHP, ile lugha ya kuendeshea tovuti.

Fundi_Seva: phpBB, programu ya kutengenezea jukwaa, inakutosha kabisa. Ipo tangu 2000, ni ya bure, inataka PHP na hifadhidata (programu ya kutunza taarifa) kama MySQL, basi. Discourse, programu nyingine ya jukwaa, ina sura nzuri zaidi ila ukiisakinisha mwenyewe inahitaji seva yako, yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) angalau GB 1. Kabla hujamwalika mtu, weka kila akaunti iidhinishwe na msimamizi, na wageni wasisome chochote. Ukizembea hapo, roboti (programu za kujisajili zenyewe na kumwaga matangazo) zitajisajili kabla ya shangazi.

Mzee wa Kodi: Na ukishasakinisha, futa folda ya install (ya faili za usakinishaji), la sivyo wanachama hawataliona jukwaa. Halafu usifungue vyumba (sehemu za kuwekea mada) kumi. Vitatu tu! Vyumba vitupu vinakatisha watu tamaa.

BintiMkubwa: Asanteni sana. Ila shangazi haingii popote mpaka aitwe.

Fundi_Seva: Mwoneshe pa kubonyeza ili afuatilie mada, jibu likija, ataletewa barua pepe. Tumia SMTP (njia ya kutuma barua pepe) ya hosti yako, maana bila hiyo barua nyingi huishia kwenye folda ya taka.