Kititia nacho ni roboti?

Mleta mada: Wadau, kijana wangu wa kidato cha pili kaenda mashindano ya sayansi na mdudu aliyemuunda kwa vijiti na gundi, miguu minane, anatembea kwa upepo tu. Kwenye kundi la roboti wakamkataa: hana betri, hana kompyuta, mpelekeni kwenye sanaa. Wazo alilipata kwa Theo Jansen, Mholanzi ambaye tangu 1990 anaunda wanyama wa mabomba ya plastiki, yale ya kupitishia nyaya ukutani, na wanatembea ufukweni kwa nguvu za upepo.

Naona wamemwonea. Neno roboti limetoka kwenye tamthilia ya Karel Čapek ya 1920, nalo asili yake ni neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shuruti. Roboti wa Čapek hata chuma hawakuwa, walikuwa na miili ya nyama. Sharti la betri limetoka wapi?

Fundi Redio: Pole kwa kijana, mkuu, ila waamuzi wako sahihi. Kama kila kinachosukumwa na upepo ni roboti, basi kititia cha kuti tulichokimbia nacho utotoni ni roboti, na jahazi pia. Kiwango cha kimataifa, ISO 8373, kinataka mashine iliyopangiwa programu na yenye kiasi fulani cha kujiendesha.

Mleta mada: Programu lazima ikae kwenye chipu? Jansen alitafuta kwa kompyuta urefu wa vipande vya mguu, akabaki na namba 11, na hizo ndizo zinazouongoza mwendo. Baadhi ya wanyama wake wanashindilia hewa kwenye chupa za soda ili watembee hata upepo ukikata. Kuna na mrija unaoburuzwa chini ukivuta hewa. Ukivuta maji, mnyama anageuza njia asiingie baharini.

Mama Njombe: Hapo kwenye mrija ndipo penye mjadala, mengine mnapoteza muda. Kijijini kwetu tulikuwa na hydram, pampu ya maji. Mto unaisukuma, vali inajifunga na kujifungua, tok, tok, usiku kucha, maji yanapanda mlimani bila tone la dizeli. Mashine nzuri mno, lakini haiangalii chochote. Pampu ya upepo inaizidi kidogo: mkia unaielekeza upepo unakotoka, na upepo ukizidi inajikunja isivunjike.

Miaka ya mwisho ya 1940, kule Bristol, Uingereza, mtafiti wa ubongo William Grey Walter aliunda kobe wa umeme wenye taa mbili za redio (zile valvu za vioo za redio za zamani), kompyuta hakuna. Walifuata mwanga, wakigonga kitu wanakwepa. Wale hakuna anayebisha kwamba ni roboti. Kwa hiyo msiulize nishati inatoka wapi. Ulizeni mashine ikikutana na jambo inabadilika au haibadiliki.

Fundi Redio: Kwa kipimo hicho nalegeza, nusu. Jahazi bado silikubali, kinachobadilika pale ni nahodha. Sasa mkuu, mdudu wa kijana akifika ukutani anafanyaje?

Mleta mada: Nimemuuliza sasa hivi. Anakwama palepale anapiga miguu. Kijana kacheka mwenyewe, halafu kaniomba sirinji mbili na kipande cha mpira wa baiskeli.