Malindi: stoo, karakana au "fleksi"? Nifahamisheni kabla sijasaini

mkwezi_ganda: Salaam aleikum wadau. Nakamua mafuta ya nazi nyumbani huku Ganda na sasa uani hakutoshi, majirani washaanza kunung'unikia moshi wa mbata. Dalali kanionesha sehemu tatu, zote aziita godauni. Ya kwanza ni jumba tupu la mabati njia ya Mombasa, lori laingia mpaka ndani. Ya pili Maweni, ilikuwa karakana ya seremala. Ya tatu mbele duka na ofisi nyuma stoo, ati hiyo ndio fleksi, kodi yake usiulize. Ya mabati ndio rahisi, nachukua hiyo ama?

FundiStima: Kaka pole pole. Jumba la mabati lajengwa kulaza mzigo, si kuzungusha mota. Tazama mita kwanza, kama ni fezi moja, ile stima ya nyumba ya kawaida, itabidi uombe Kenya Power wakuletee fezi tatu ya kuzungusha mota kubwa, na transfoma ya mtaa ikiwa imejaa utakuwa walipa kodi na mashine imefunikwa turubai. Seremala akiwa alikuwa na mashine kubwa huenda fezi tatu iko tayari, na sakafu yake ishazoea mtetemo. Halafu lile joto la mabati mchana, mbata sawa zitakauka, lakini mafuta yakikaa humo yatavunda haraka.

BintiShella: Fleksi ni ya mtu ambaye wateja waingia mlangoni. Wewe wauzia hoteli kwa madumu, hiyo ofisi ya mbele ya nini kaka yangu? Mimi niko kwa samaki, kwangu ni chumba cha baridi, na hicho nacho ni jengo lengine kabisa, kuta za kuzuia joto, sakafu yenye mfereji, jenereta. Usikubali mtu akwambie godauni lolote wageuza.

lisi_na_sheria: Hamjauliza la maana. Kiwanja kimeruhusiwa matumizi gani? Kikiwa cha makazi, kugeuza ni maombi kaunti ya Kilifi chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, na hilo liwe la mwenye jengo, lisiwe lako. Kukamua mafuta ni kiwanda, NEMA, wale wa mazingira, pia watauliza moshi na maji machafu yaenda wapi. Lisi nayo, yaani mkataba wa kukodi: Cap 301, sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli, yamlinda mpangaji wa duka ambaye hana maandishi au ana lisi isiyozidi miaka 5, hafukuzwi wala kupandishiwa kodi bila notisi ya miezi 2 na waweza kwenda Tribunal, baraza la kuamua kesi za wapangaji hao. Lakini "duka" mle ni biashara ya rejareja, jumla au huduma, kiwanda hakikutajwa, kwa hivyo usitegemee huruma ya sheria, andikeni kila kitu. Nani atengeneza paa likiliwa na chumvi ya bahari? Mashine ukifunga chini ni zako ukihama? Na kodi ni kabla ya VAT au pamoja, maana 16% si kidogo.

mkwezi_ganda: Shukran sana. Nimemuuliza dalali habari ya matumizi ya kiwanja cha Maweni, kasoma meseji kanyamaza. Nitamtafuta mwenyewe mwenye jengo. Fundi, waja kunikagulia stima kwa pesa ngapi?

FundiStima: Njoo inbox tuelewane. Na mashudu usitupe, nina ng'ombe.