Nimeongeza herufi MOJA, yule bwana wa safu 80 kanidhalilisha mbele ya kundi zima

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Mods msiunganishe huu uzi na mwingine.

Mnamjua. Yule mlinzi wa mafaili ya mwongozo, asiyetaka mstari wowote uvuke safu 80, yaani herufi 80, anayelala na rula chini ya mto.

Kwenye mwongozo tunaoutafsiri paliandikwa "funga" mahali pa "fungua". Nikaongeza "u". Mstari ukafika herufi 81. Akanirudishia: "Umevuka 80, kata." Nikakata. Sasa ukishapiga Enta hapo, neno la mwisho linashuka, linasukuma la chini yake, na hilo linasukuma lingine, mpaka aya nzima imepangwa upya. Git, ile programu inayotunza mabadiliko ya mafaili, inalinganisha mstari kwa mstari, ikatoa mistari 14 myekundu (ya zamani) na 14 ya kijani (mipya). Ndipo akaandika, watu wote wanasoma: "Umegusa mistari mingi mno kwa neno moja. Siwezi kukagua."

Kanituma nikate, nimekata, ananigombeza nimekata!

Kila kihariri (programu ya kuandikia) siku hizi kinapinda mstari chenyewe kufuata upana wa kioo. Aya iachwe iwe mstari mmoja, au kila sentensi na mstari wake, basi. Fungueni faili lake kwenye simu muone: mstari umejaa, unaofuata una neno moja, umejaa, neno moja, kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno.

"Siwezi kukagua." Kwa "u"!

Mzee wa Terminali: Kijana, hizo 80 ni za kadi za kutoboa za IBM, 1928. Terminali ya VT100 ya 1978 nayo ikaja na 80. Heshimu ulichokikuta.

Mleta uzi: Shikamoo mzee. Ila mimi sitoboi kadi, natafsiri.

Chumvi ya Mawe: Povu lote hili kwa irabu moja? Ungeandika "fungwa" ungefungwa kweli 😂

Kobe Mtaratibu: Angeiwekea Git --word-diff, ilinganishe neno kwa neno, angeona neno moja tu limebadilika.

Mleta uzi: Nilimwambia hivyo hivyo! Kajibu nini? "Siwezi kukagua."

Binti Vina: Afadhali yako. Mimi naandika mashairi kwa Markdown, ule mtindo wa kupanga maandishi kwa alama za kawaida, na ili mshororo ushuke lazima uache nafasi mbili mwishoni. Kihariri changu kinazifuta kila nikihifadhi. Kila ubeti umegeuka aya moja, vina vyote vimezama katikati.

Chumvi ya Mawe: Hiyo si tenzi tena, ni taarifa ya habari.

Karani Mkuu: Nyie hamjapata shida. Ofisini kwetu kuna mtu anasogeza tarehe upande wa kulia kwa kugonga spesi. Ukibadilisha fonti, tarehe inashukia kwenye "Yah:".

Kobe Mtaratibu: Spesi ngapi mkuu?

Karani Mkuu: Nilizihesabu jana. 63.

Binti Vina: Huyo ndiye wa kufunguliwa uzi.