Maiki za bei ndogo kwa ajili ya kanuni (ala ya nyuzi): nibadilishe kapasita, au tatizo ni jingine?

Kijana_wa_Malindi_Unguja aliandika:

Asalaam alaykum wakuu. Naomba msaada kwa wenye kujua kufungua maiki.

Ammi yangu anapiga kanuni tangu kabla mimi sijazaliwa. Mwaka huu mkono wake wa kushoto umeanza kutetemeka, na ni yeye mwenyewe aliyeniambia, "Mwanangu, kama unataka kunirikodi, nirikodi sasa." Nimejipa kazi ya kuhifadhi kila taksim, yaani kipande cha kupiga peke yake, anayoikumbuka.

Vifaa nilivyonavyo ni jozi ya maiki nyembamba za kondensa, zile zenye umbo la kalamu nene, niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, shilingi 150,000 zote mbili. Pia nina kadi ya sauti ya njia mbili inayotoa umeme wa 48V wa kuendeshea maiki. Tunarikodi chumba cha juu hapa Mji Mkongwe kuanzia saa saba za usiku, maana mchana kuna pikipiki, wauza samaki na wageni chini ya dirisha. Feni tunazima. Madirisha yanabaki wazi, la sivyo ammi hawezi kustahamili joto.

Matatizo ni mawili. La kwanza, sauti ya juu ni kali mno. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, zimepangwa tatu tatu kwa kila noti, na ammi anazidonoa kwa vidonoo vilivyofungwa kwenye vidole vya shahada. Ukikaa ubavuni kwake unasikia ubao na ile ngozi iliyo chini ya daraja vikiitikia. Kwenye maiki nasikia mdonoo mtupu, kama mtu anagonga glasi kwa kijiko.

La pili, ikifika kama saa tisa, maiki ya kushoto inaanza kutatarika kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji, na besi inapungua. Nikiijaribu mchana ni nzima kabisa.

Nimesoma kwamba watu hung'oa kapasita za seramiki wakaweka za filamu, na ile FET ya ndani (transista ya kwanza inayopokea sauti) wakaibadilisha kwa nyingine iitwayo 2SK170. Nimeshanunua 2SK170 nne. Solda naijua, nimetengeneza redio nyingi. Nianzie wapi? Naogopa kuziua maiki hizi, sina fedha ya nyingine.

---

Fundi_Mstaafu_Tanga alijibu:

Waalaykum salaam mwanangu. Mpe ammi yako salamu zangu.

Solda iache kwanza. Maiki ya kushoto haina ugonjwa wa kapasita, ina unyevu. Umelijibu swali lako mwenyewe uliposema usiku inaugua na mchana inapona. Sisi wa pwani mchezo huu tunaujua.

Ndani ya maiki kuna kapsuli: utando mwembamba sana uliotandikwa mbele ya kisahani cha chuma. Viwili hivyo pamoja ni kapasita ndogo mno, tuseme pikofaradi 30. Kapsuli hiyo inategemea rezista ya gigaohimu 1, yaani ohimu bilioni moja. Piga hesabu, maiki inaweza kushuka hadi kama 5 Hz. Sasa hewa ya bahari ya saa tisa usiku inatua juu ya bodi, inakutana na mafuta ya kidole cha aliyeiunganisha na mabaki ya fluksi (dawa ya kushikisha solda) ambayo hayakuoshwa kiwandani. Umeme unapata pa kuvujia. Ukivuja hadi upinzani ukashuka kuwa megaohimu 50, besi inaanza kukatika kwenye 106 Hz. Hiyo ndiyo besi yako inayopotea. Na ule mtatariko ni chaji inayoruka kwenye uchafu. Malalamiko mawili, chanzo kimoja.

Dawa ni kuosha. Zima 48V, chomoa waya, subiri dakika kadhaa. Fungua mwili wa maiki na ufungue kapsuli, uiweke mbali kwenye kopo safi lenye kifuniko. Usiiguse usoni, usiipulizie, usiifute hata kwa pamba. Halafu chukua isopropili ya asilimia 99 (ya dukani ya asilimia 70 ina maji mengi) na brashi laini, uoshe sehemu inapoingia kapsuli, miguu ya FET na zile rezista kubwa za gigaohimu pande zote mbili. Osha mara mbili. Usishike tena kwa vidole. Kausha kwa kuiweka jirani na balbu ya zamani ya waya kwa saa kadhaa. Mashine ya kukaushia nywele usiifikirie, na joto lolote liwe mbali na kapsuli, maana nyingi za bei hiyo ni za elektreti na joto kali huila chaji yake.

Ukitaka kufanya kazi ya kudumu, nyanyua mguu wa lango wa FET (ule unaopokea sauti ya kapsuli) kutoka kwenye bodi, uunganishe na mguu wa rezista na waya wa kapsuli hewani, bila kugusa chochote. Hewa haivuji kama bodi ya bei rahisi. Katika yote niliyowahi kufanya ndani ya maiki, hili ndilo lenye faida kubwa kuliko gharama yake.

Hizo 2SK170 ziweke kwa kazi nyingine. Ni transista tulivu kweli, inafaa sana kwenye kikuza sauti cha santuri, lakini lango lake lina pikofaradi 30, sawa na kapsuli yako nzima. Itaimeza sehemu kubwa ya ishara kabla haijafika popote. Tena Toshiba waliacha kuitengeneza, na sokoni sasa zimejaa za bandia zilizochapwa namba upya. Kama FET yako haina kelele, iache palepale ilipo.

Kapasita za seramiki, zile zinazopitisha sauti kutoka FET kwenda kwenye transista mbili za mwisho, zina kasoro ya kweli: aina nyingi hubadilika thamani kadiri volti inavyopanda, na zikigongwa hutoa umeme zenyewe. Zigonge taratibu kwa penseli maiki ikiwa inafanya kazi. Ukisikia mlio wa kugonga kwenye hedifoni, zibadilishe. Usiposikia, ni hiari yako.

Watu wengi wanaofanya kazi hii wanaikimbiza sauti ya KM 84, maiki ya kampuni ya Neumann ya mwaka 1966. Ile 48V unayotumia ilianza kwenye maiki hiyo: redio ya taifa ya Norwei tayari walikuwa na umeme wa 48V wa taa za dharura kwenye jengo lao, Neumann wakaufuata. Lakini KM 84 ina kapsuli yake na transfoma yake. Kapasita mbili mpya hazitakupa hivyo.

---

Nyuzi_Nane_Kisumu alijibu:

Mzee wa Tanga amemaliza habari ya unyevu. Mimi niseme juu ya ule ukali.

Mimi hurekodi nyatiti, ala ya Waluo. Ina nyuzi nane, na mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu akigonga nayo ubao. Nilipoelekeza maiki kwenye nyuzi nilipata pete peke yake. Kaka, kapsuli nyingi za bei hii zimeinuliwa huku juu, na hakuna solda inayoondoa hilo bila kukupa kazi ya wiki mbili. Lakini ukali huo uko mbele ya maiki tu. Igeuze, isitazame pale nyuzi zinapodonolewa. Ielekeze kwenye ngozi, halafu izungushe digrii 30 hivi nje ya shabaha. Isogeze nyuma hadi sentimita 50 au 60.

Jaribu hilo usiku huu kabla hujafungua skrubu hata moja.

---

Kijana_wa_Malindi_Unguja alijibu:

Mungu awalipe nyote. Nimeanza na la Kisumu kwa sababu halina gharama. Kwa kweli nilikuwa nimeziweka maiki sentimita 20 juu ya nyuzi, zinatazama vidole. Nimeziinua hadi 55 na kuzigeuzia kwenye ngozi. Kijiko na glasi vimepungua zaidi ya nusu. Sasa nasikia mpaka ammi anavyovuta pumzi kabla ya kuingia.

Swali kwa mzee wa Tanga: isopropili ya 99 sijaipata Unguja, nimeagiza Dar. Wakati nasubiri nifanye nini?

---

Fundi_Mstaafu_Tanga alijibu:

Kusanya vile vifuko vya chembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Vikaushe juani au kwenye oveni ya moto mdogo, uvitie kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko wa kubana, na maiki zilale humo mchana kutwa. Zitoe dakika kumi kabla ya kurikodi, si saa nzima. Usitumie mchele, una vumbi.

Na zisihamishwe kutoka chumba cha kiyoyozi kwenda kwenye joto. Zitatoka jasho kama chupa ya soda.

---

Kijana_wa_Malindi_Unguja alijibu:

Narudi na majibu, baada ya siku kumi na mbili.

Nilipofungua ya kushoto nilikuta doa la kahawia la fluksi kati ya FET na rezista kubwa, na juu yake alama ya kidole inayosomeka kabisa. Ya kulia ni safi. Nimeosha zote mbili, na ya kushoto nimeinyanyua mguu wa lango hewani kama ulivyosema. Mkono ulinitetemeka kuliko wa ammi.

Kapasita nilizigonga kwa penseli, moja ya maiki ya kushoto ikalia. Nikabadilisha mbili za maiki hiyo kwa za filamu za mikrofaradi 1, ya kulia nikaiacha ili nilinganishe. Za filamu ni kubwa, ilibidi nizilaze na kuzifunga utepe ili mwili uingie. Nilimsikilizisha ammi bila kumwambia ipi ni ipi, mara sita. Hakutofautisha, na mimi sikutofautisha. Ya kulia sitaigusa.

Alichokitofautisha ni mahali. Nilipoisogeza moja karibu na bega lake la kulia, ikitazama chini kwenye ngozi, alivua hedifoni akaniambia, "Hapa ndipo ninapojisikia mimi." Imebaki hapo.

Tangu hapo tumerikodi usiku tano, mmoja wa mvua. Haijatatarika hata mara moja. Taksim za makamu ya Rasti na Bayati tumemaliza, kila moja mara tatu. Kesho Hijazi, mkono ukimruhusu.