Kiangazi cha Muscat na watoto watatu: mnawalaza saa ngapi, na Salalah inafaa na mtoto wa miezi minne?

MamaWatatu

Asalaam aleykum wapendwa. Naomba mawazo yenu kabla sijawa mwehu.

Mie ni Mtanga. Nimehamia Muscat mwezi wa Januari nikiwa na mimba kubwa, kumfuata mume wangu, tunakaa Al Khoudh. Januari mji huu ulinidanganya. Watoto walikuwa nje tangu asubuhi, jioni unatafuta sweta. Nikapiga simu nyumbani nikawaambia huku ni pepo ndogo. Sasa tuko mwisho wa Juni, simu inaniambia nyuzi joto 44, na saa tano ya usiku bado ni 34. Joto nimezaliwa nalo, lakini joto la Tanga lina adabu, usiku linakupisha. La hapa halilali.

Wa kwanza wa kiume ana miaka sita, wa pili wa kike ana mitatu, mdogo ana miezi minne. Shule imefungwa mpaka mwisho wa Agosti, na uwanja wao wa kucheza ni sebule. Fleti za hapa mnazijua. Pale chini kuna bembea, lakini saa mbili asubuhi ukishika chuma chake unaacha ngozi. Mume wangu ni msimamizi kwenye ujenzi. Kuanzia Juni hadi Agosti serikali inakataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana, kwa hiyo kwao wanaanza alfajiri, na yeye mchana anakuja kulala. Hapo ndipo wanangu wanapogeuza kochi kuwa jahazi. Mchana kutwa mie kazi yangu ni kusema "shhh".

Maji nayo! Nataka kumwogesha mdogo adhuhuri, nafungua bomba la baridi, yanatoka ya kupigia chai. Tanki liko juu ya paa, limekaa juani kutwa.

Sasa niambieni. Jirani zangu Waomani, watoto wao saa nne ya usiku wako nje na baiskeli. Mie nimelelewa kwamba Isha ikishasaliwa mtoto yuko kitandani. Nyie mnawalaza saa ngapi? Halafu baba watoto ana likizo ya wiki moja mwezi wa saba, anataka tupande gari twende Salalah, kusini mwa Oman, tukaone khareef, ule msimu wa ukungu na manyunyu. Mama mkwe naye anapiga simu kutoka Pangani kila siku: "Nileteeni wajukuu huku, kipupwe kizuri." Tiketi nimeziangalia, nikafunga simu. Na ananihimiza mdogo nimpe maji ya glukosi kwa sababu ya jua. Nimpe?

BintiMalindi

Waaleykum salaam mwanangu, pole na karibu. Mie mama yangu kazaliwa Malindi, Unguja, mie kazaliwa Mutrah, wanangu nimewalelea hapa hapa na sasa nalea wajukuu. Sikiliza.

Kwanza maji, maana hilo ni la leo. Zima hita. Hita iko ndani, inakaa kwenye ubaridi wa eisi. Ukizima swichi yake, maji yaliyomo yanapoa yakawa sawa na chumba. Basi kiangazi sie tunaoga kwa bomba jekundu: la moto ndilo la baridi. Ila tanki lake dogo, ukimwaga ovyo linajaza yale ya paani na starehe imekwisha. Mwogeshe mdogo mwanzo, kisha hao mabaharia wako wa kochi. Au chota ndoo mbili usiku uziweke bafuni, mpaka adhuhuri zimepoa.

Pili, hao jirani zako si kwamba hawana malezi. Huku kiangazi tunalala mara mbili. Mumeo akirudi mchana, usikae kumlindia usingizi mtu mmoja. Laza nyumba nzima. Chakula, sala, pazia nzito, taa zima, eisi ya chumba kimoja tu iwake na nyote mlale humo, utaokoa na umeme. Wanaamka Alasiri. Mtoto aliyelala vile, ukimlazimisha kitanda saa mbili usiku mnapigana bure. Wangu walikuwa wakilala saa nne, saa nne na nusu, na hakuna aliyeharibika. Mmoja sasa ni daktari na bado hachoki kunikumbusha nilivyomfukuza kitandani mchana.

Saa ambayo wageni wanaisahau ni baada ya Alfajiri. Jua la mwezi huu linachomoza saa kumi na moja na dakika. Mumeo akitoka kwenda kazini nawe toka, nenda ufukwe wa Al Hail au Seeb, watoto wachimbe mchanga mpaka saa moja, mrudi mle. Mvuke wa bahari upo, nguo zitakuganda, lakini kuna upepo na hakuna jua la kuunguza. Usiku rudini hapo hapo Seeb, pwani imejaa watu, mishkaki inachomwa, watoto wakanyage maji karibu na taa. Miguu tu. Usiku baharini huoni yavuyavu.

Ndani ya nyumba, gandisha barafu za ukwaju na ubuyu kwenye vifuko kama kwetu. Na huu ndio msimu wa rutab, zile tende mpya laini. Mwanzo inakuja naghal, kisha khunaizi na khalas. Wakalishe chini na sinia wawe wanatoa kokwa, utapata nusu saa ya amani. Wa miaka mitatu umtolee wewe, kokwa inakaba.

Ijumaa msiende moli, ni kununua vilio. Nendeni Nizwa, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka kwako, mkae pembeni ya Falaj Daris. Ni katika mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, lakini watoto hilo hawalijui, wao wanajua maji yanapita, ya baridi, yanafika magotini, na kuna miti juu. Tia tikiti maji humo kwenye mkondo, baada ya muda unalipasua. Mabondeni, kwenye wadi, siwapendi watu wanaokwenda na watoto wachanga mwezi wa saba. Mchana mawingu yanajikusanya milimani, mvua inanyesha huko hata huioni, na maji yanakufikia ulipo na sufuria yako ya pilau. Ukiona wingu jeusi juu ya mlima, kusanya watoto uondoke. Vyombo viache.

Ya Salalah waachie wanaume wa barabara watakwambia.

Nesi wa Zamu

Dada, usimpe maji, wala ya glukosi. Chini ya miezi sita maziwa ya mama yanatosha hata kwenye joto hili, maana yana maji mengi ndani yake. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, vipindi vifupi vifupi, na wewe ndiye unywe maji. Mama mkwe mwambie kwa upole kwamba nesi kakataza, lawama nitabeba mie. Angalia pampasi: zikiwa sita au zaidi zilizolowa kwa siku, yuko sawa. Zikipungua, mkojo ukawa na rangi kali, au akalegea na kukataa titi, usingoje kesho.

Harara ataipata tu, shingoni na kwenye mikunjo. Maji ya baridi kiasi, mkaushe vizuri, mwache na pampasi na kanga nyepesi. Poda acha, inaganda kwenye mikunjo na vumbi lake anavuta. Eisi iweke 24 au 25, isimpulize usoni.

Na gari. Hata kama unashuka kununua mkate na injini inawaka, mtoto usimwache ndani. Usiseme "dakika moja". Kabla hujamfunga kwenye kiti chake, gusa vifungo vya mkanda kwa mkono wako; vikikaa juani vinaunguza mapaja ya mtoto. Mie hutandika kanga nyeupe juu ya kiti nikiegesha.

BabaMapacha

Shemeji, salaam. Nimeendesha njia ya Salalah na mapacha wakiwa wadogo, naifahamu.

Ni zaidi ya kilomita 1,000. Ukishapita mji wa Adam ni jangwa, bapa, huoni kitu ila upeo, na dereva anasinzia macho wazi. Mji mdogo wa Haima ndio katikati. Kwa mtoto wa miezi minne simpendekezei kuimaliza siku moja. Mtoto mdogo hatakiwi kukaa kwenye kiti cha gari masaa mengi mfululizo, kila saa mbili atolewe alale chali, anyonye, abadilishwe. Ukihesabu hivyo, safari ya saa kumi inakuwa kumi na nne. Laleni Haima. Si pazuri, lakini kuna kitanda na eisi. Tokeni Alfajiri na msiendeshe usiku hata mkichelewa: ngamia wanasimama katikati ya lami na taa haziwaoni mapema. Petroli jaza kila kituo unachokiona, usisubiri mshale. Maji ya kunywa pakia katoni, na mengine ya injini.

Utakapopita Thumrait barabara inaanza kuteremkia Salalah. Hapo waamshe watoto. Kipimo cha gari kinashuka kutoka arobaini na ushei mpaka ishirini na kitu ndani ya dakika chache, ukungu unaingia, kioo kinatiririka manyunyu, na mlima wote majani mabichi. Wanangu walifungua madirisha wakatoa ndimi nje. Washa taa za ukungu, punguza mwendo. Ajali nyingi zinatokea pale kwa sababu ya watu waliolewa furaha.

Khareef kwa tarehe inaanza 21 Juni, lakini majani yanahitaji muda. Katikati ya Julai kwenda mbele ndiyo kijani kweli. Agosti watu ni wengi, kutoka Dubai, Saudia, Kuwait, na vyumba bei juu. Kodi fleti yenye jiko, weka nafasi mapema. Baharini msiogelee, kusi linavuma na mawimbi ni ya kutisha. Ufukweni Mughsail maji yanaruka juu kupitia matundu ya mwamba, mkubwa wako atapenda, mshike mkono usiuachie. Pakia soksi na sweta, unacheka lakini watatetemeka. Na ndala zinateleza kwenye matope yale, vaeni viatu vyenye meno.

Kama mfuko unaruhusu, mama na watoto wapande ndege, ni saa moja na nusu hivi, baba aje na gari.

BintiMalindi

Baba Mapacha kataja kusi, nami niongeze moja kwa mkweo wa Pangani. Kipupwe chake na khareef ya Salalah baba yao mmoja. Ni kusi hilo hilo linapita kwenu mwezi wa sita na wa saba, linavuka huku, linakuta bahari ya Dhofar, mkoa wa Salalah, ina maji baridi yanayopanda kutoka chini, halafu linagonga mlima, basi manyunyu. Babu zetu walikuja nalo kwa majahazi kutoka Unguja. Mwambie wajukuu wameufuata upepo wake.

Mwl. wa Chekechea

Naafikiana na Bi Malindi kuhusu kulala mara mbili, ila tafadhali wiki mbili kabla shule hazijafunguliwa anza kurudisha saa nyuma taratibu. Kila mwaka wiki ya kwanza nafundisha watoto waliolala juu ya meza, na wazazi wananiuliza kwa nini mtoto halijui somo.

MamaWatatu

Nimerudi. Bi Malindi, Mungu akupe umri. Bomba jekundu! Mume wangu yuko hapa mwaka wa tatu na hakuwa akijua, alikuwa anaoga maji ya uji kimya kimya.

Kulala mchana mkubwa alinigomea, eti yeye si mtoto. Nikamwambia basi lala macho wazi, usiseme. Akapitiwa kabla ya baba yake. Alasiri nawapa barafu za ukwaju, wa kike anaipaka nywele. Usiku tunashuka na baiskeli pamoja na jirani, na kumbe jirani mwenyewe bibi yake alikuwa wa Pemba, Kiswahili anasikia chote. Nilikuwa namsengenya watoto wake mlangoni kwake, tuyaache hayo.

Salalah tumekubaliana: mie na wadogo wawili tunapanda ndege, mkubwa kang'ang'ania gari na baba yake, watalala Haima. Mama mkwe bado amenuna, hata ya kusi hayakumwingia, anasema Desemba lazima. Sawa, Desemba, ila huko Pangani Desemba ndiyo jua lenyewe, sijui atanipa kipupwe gani.

Swali la mwisho: kigari cha mtoto nipeleke, au yale matope hayafai?

BabaMapacha

Acha nyumbani. Mbeleko ya kanga, mgongoni au kifuani, na mwavuli mpana. Mabanda ya madafu yako njiani kote, pamoja na ndizi na mapapai, hutahitaji kubeba vitafunio.

BintiMalindi

Na ukiingia sokoni usidanganywe na ubani wa njano uliojaa vumbi. Omba hojari, ule mweupe unaopiga kijani kidogo. Taja bei, geuka kama unaondoka. Ninunulie nusu kilo, nitakurudishia ukija Mutrah.