Kuku wa kuchoma nyumbani anakauka kidari, nifanyeje abaki na maji yake?

bintiTabata
Habari zenu wakuu na wapishi wote humu. Jumamosi nina wageni wa upande wa mume wangu wanakuja kula mchana na nimeshaahidi kuku wa kuchoma, sasa shida yangu ni moja tu, mapaja yanatoka vizuri lakini kidari kinakuwa kikavu mpaka mtu anatafuta soda ya kuteremshia. Natumia kuku wa kisasa wale wa kilo na nusu hivi, namkata vipande nane, nampaka tangawizi, kitunguu saumu, ndimu nyingi, tomato sosi na asali, analala kwenye friji usiku kucha kesho yake jiko la mkaa. Juu anakuwa mweusi haraka sana, ukimkata karibu na mfupa bado ana damu, ukimrudisha motoni ndo anakauka kabisa. Jirani yangu ananiambia nimchemshe kwanza. Je, nimchemshe? Na sosi gani nyepesi isiyo na mambo mengi, vitu vya kupata gengeni tu? Oveni sina. Natanguliza shukrani.

jiko_la_nje
Dada, wala usimchemshe huyo broila. Kuku wa kisasa ni mtoto, wengi wanachinjwa hata wiki sita hawajamaliza vizuri, nyama yake ni laini tayari, ukimchemsha maji yake yote yanabaki kwenye sufuria halafu unaenda kuchoma makapi. Tatizo lako mi naliona kwenye vitu vitatu, ndimu, asali na moto.

Ndimu ikilala na kuku usiku kucha inaipika nyama kwa juu, inakuwa kama ungaunga hivi ukitafuna, we weka ndimu saa moja kabla ya kuchoma au kamulia mezani kabisa. Kitu cha kulala nacho usiku ni chumvi. Kuku wa kilo na nusu mpake kijiko kimoja cha chakula cha chumvi laini, kisawazishe, ingiza mpaka chini ya ngozi ya kidari, tangawizi na kitunguu saumu weka sawa tu, halafu kwenye friji. Mwanzoni utaona anatoa maji, usiyamwage, baada ya masaa machache nyama inayanywa tena pamoja na chumvi na ndo yanayobaki ndani wakati wa kuchoma. Kama una haraka basi maji lita moja na chumvi gramu 60, loweka vipande saa moja mpaka mawili, toa, kausha na kitambaa safi, ngozi ikiwa na maji haichomeki inachemka tu.

Asali na tomato sosi zote zina sukari, na sukari inaungua mapema sana kabla nyama haijaiva, ndo maana unaona weusi juu na damu ndani. Sosi inapakwa mwishoni, dakika kumi za mwisho au hata tano, unapaka unageuza unapaka unageuza, ishike tu ing'ae.

Sasa moto, na hapa ndo watu wengi wanaharibu. Washa mkaa usubiri mpaka wote uwe na majivu meupe juu, usiweke kuku mkaa ukiwa bado mweusi unatoa moshi. Halafu usiutandaze jiko zima, usogeze wote upande mmoja. Upande wa pili usiwe na mkaa kabisa. Kuku anaanzia upande usio na mkaa, ngozi juu, mapaja yawe karibu na moto na vidari mbali, na umfunike na sufuria kubwa au karai la bati ili joto lizunguke. Akishakaribia kuiva ndo unamleta juu ya mkaa ngozi chini apate rangi. Mafuta yakidondokea mkaa ukiona moto umeripuka msogeze, usimwagie maji, majivu yote yanarukia kwenye nyama.

Na usimkate vipande nane. Mpasue mgongoni, toa uti wa mgongo kwa kisu au mkasi, mgeuze umkandamize kifuani kwa kiganja mpaka usikie mfupa umelia "ka", analala bapa. Kidari kikikaa na mfupa wake na ngozi yake hakikauki kirahisi.

mlaKienyeji
Mkuu hapo juu nakubaliana na wewe kwenye broila ila usiwaambie watu kuchemsha ni kosa maana wapo watakaosoma hapa wana jogoo wa kijijini. Kuku wa kienyeji aliyekomaa usipomchemsha utatafuna mpaka jioni. Yule nyama yake imefanya kazi, ina nyuzi ngumu, lazima apate muda mrefu wa moto mdogo na maji ndo zile nyuzi zinalegea. Mi namchemsha na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, moto wa chini kabisa, maji yanachezacheza tu yasitokote, mpaka kijiti kiingie kwenye paja bila kulazimisha. Namwacha apoe humohumo kwenye supu yake, ukimtoa wa moto anakauka unamuona kwa macho. Halafu mkaani ni kumpa rangi na moshi tu, dakika kumi na tano zinatosha. Na ile supu unawapa wageni kwanza kwenye vikombe na ndimu na pilipili, hakuna mkwe atakayelalamika.

bibiPwani
Mwanangu mimi nitakujibu la sosi maana ndo hasa langu. Achana na tomato sosi ya chupa, chukua ukwaju. Gramu 100 hivi, fungu moja la gengeni linatosha, mimina maji ya moto kikombe kimoja uache dakika ishirini, ukamue kwa mkono mpaka kokwa zibaki tupu, chuja. Weka sufuria ndogo, mafuta vijiko viwili, kitunguu saumu punje nne zilizotwangwa, kikishatoa harufu tu kabla hakijawa cha kahawia tia nyanya ya kopo kijiko kimoja cha chakula, ikaange mpaka mafuta yajitenge, hapo usiharakishe kwa sababu nyanya mbichi ndo inayoleta uchachu mbaya. Mimina ukwaju, sukari vijiko viwili, chumvi, pilipili mbuzi moja nzima usiipasue, iache inukie tu ndani. Moto mdogo mpaka sosi ishike nyuma ya kijiko, ukipitisha kidole njia ibaki. Toa pilipili. Onja. Ukwaju hautofautiani kwa sura lakini kwa ukali unatofautiana sana kwaiyo sukari utaongeza mwenyewe.

Igawe mara mbili kabla hujaanza kupaka, bakuli la kupakia kuku na bakuli la mezani, maana ile brashi ikishagusa kuku mbichi sosi hiyo si ya kupeleka mezani mpaka ichemshwe tena vizuri.

Na siku wageni wakiwa ni wale wa heshima zaidi, tia tui zito la nazi kikombe kimoja kwenye hiyohiyo sosi, pilipili manga na bizari kidogo, ipike mpaka iwe nzito, umpake kuku akiwa mkaani na nyingine ummwagie kwenye sinia. Huyo ni kuku wa kupaka, kwetu pwani kuanzia Lamu, Mombasa mpaka Tanga ndo chakula cha kumpokelea mgeni. Tui likigusa mkaa moto linaungua kidogo pembeni, ile harufu yake jamani!

bintiTabata
Asanteni sana kwa kweli, nimeandika kila kitu kwenye daftari. Maswali mawili tu, nitajuaje kidari kimeiva bila kukichanachana, na wageni wakichelewa je? Maana wanatoka Kibaha na foleni mnaijua.

mgeni_wa_Syracuse
Wakati anasubiri jibu niongeze la huku niliko, jimbo la New York. Kuna kuku wa kuchoma wa huku utamkuta kila kiangazi kwenye harambee za makanisa na za vikosi vya zimamoto, wanamuita Cornell, sosi yake ilitengenezwa na Robert Baker, profesa wa mambo ya kuku Chuo Kikuu cha Cornell, chuo kikaichapisha 1950 kwenye kijitabu cha wakulima, lengo likiwa watu wale kuku zaidi maana wafugaji walikuwa wanatafuta soko. Kwa kuku watano, yani nusu kumi, ni mafuta kikombe kimoja, siki ya tufaa vikombe viwili, yai moja, chumvi vijiko vitatu vya chakula, pilipili manga na majani makavu ya viungo. Unapiga yai na mafuta kwanza halafu unatia vingine. Yai linafanya mafuta na siki visiachane, ndo maana sosi inashika kwenye ngozi.

Nimeitaja kwa sababu haina sukari hata punje, kwaiyo unaweza kumpaka kuku tangu mwanzo, kila baada ya dakika chache unageuza unapaka, karibu saa nzima kwenye moto wa wastani na haungui. Dada kama mkaa wako huuwezi kuugawa, sosi ya siki mwanzoni halafu ukwaju wa bibi mwishoni vitaenda vizuri tu. Ila ina yai bichi, iliyobaki mwaga.

jiko_la_nje
Dada kuhusu kuiva, kama unaweza pata themometa ya nyama, sio ghali na ndo kifaa pekee ningekushauri ununue. Choma katikati ya kidari bila kugusa mfupa, ikifika nyuzi 74 kimeiva, toa, hata usingoje paja liseme neno. Paja lenyewe ni tamu zaidi likifika 80 na kitu, ndo maana nikasema likae karibu na moto. Bila themometa choboa sehemu nene ya paja kwa kijiti, maji yakitoka meupe safi yasiwe na uwekundu, na mguu ukiushika unazunguka kwenye ungio bila ubishi, ameiva. Rangi nyekundu kwenye mfupa wenyewe isikutishe sana kwa broila, mifupa yao ni michanga inatoa rangi hata nyama ikiwa imeiva.

Ukimtoa muache dakika kumi kwenye sinia kabla ya kukata, ukimkata papo hapo maji yote yanakimbilia kwenye ubao.

Wageni wa Kibaha hao usiwachomee mpaka wapige simu wamefika Kimara. Chumvi imeshafanya kazi yake usiku, kuku anakaa kwenye friji, we washa mkaa tu. Wakichelewa na yeye ameshaiva mbele, usimwache juu ya jiko apate joto, mfunike na foili pembeni nusu saa haina shida, wakiingia getini mpake sosi mrudishe mkaani dakika tatu kila upande.